Kazi Hainunuliwi, Viza Haiuzwi: Soma Hii Kabla Hujamtumia Ajenti Pesa



Wewe uliye Itumbe unajua vile mambo huwa bonasi ya majani chai ikiingia. Simu huanza kulia. Shule inataka karo, duka linataka deni lake, na ajenti naye ameshasikia kwamba mzee amepata kitu. "Nafasi zimebaki mbili. Qatar, kazi ya ulinzi. Tuma elfu thelathini leo ya medikali, hiyo ingine utamalizia viza ikitoka." Mama anauza ng'ombe, mjomba anaongezea kidogo, na pesa ya mwaka mzima wa kuchuma majani inaondoka kwa M-Pesa ndani ya dakika moja.

Hatuandiki haya kukukataza kwenda majuu. Nani asiyejua nyumba ngapi hapa Kisii na Nyamira zimejengwa na pesa kutoka Minnesota au Texas? Nani hana binamu muuguzi huko ng'ambo? Kutafuta riziki mbali ni haki yako na si aibu. Swali letu ni moja tu: ile pesa unayompa mtu wa katikati, unanunua nini hasa?

Jibu hilo kwanza. Ukishindwa kulijibu, usitume hata shilingi.

Hapa kwetu kila mtu anaitwa ajenti, lakini hao ni watu watatu tofauti.

Wa kwanza ni ajenti wa ajira. Huyu anatafutia mwajiri wa nje wafanyakazi. Kisheria lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mteja wake mkuu ni mwajiri. Kwa mfano kazi za nyumbani Saudia: gharama za kumleta mfanyakazi, viza na tiketi ikiwemo, ni mzigo wa mwajiri. Kwa hivyo dada yetu akiambiwa alipe "pesa ya viza ya Saudia", tayari kuna mtu anataka kulipwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Wa pili ni mshauri wa uhamiaji. Huyu hana kazi ya kukupa. Anauza ujuzi wa sheria: anakuambia viza gani inakufaa, anakusaidia kujaza fomu, anakutetea ukikataliwa. Nchi kadhaa zimeweka sheria kali juu yake. Canada, anayelipwa kutoa ushauri huo lazima awe wakili au mwanachama wa College of Immigration and Citizenship Consultants, na orodha ya wanachama iko wazi kwenye intaneti, bure. Uingereza, msimamizi wao anaitwa Immigration Advice Authority (hadi Januari 2025 aliitwa OISC), na yeye pia ana orodha ya wazi.

Wa tatu ni dalali. Hana usajili wa NEA, hana leseni ya Canada wala ya Uingereza. Ana simu mbili, picha za watu wakiwa uwanja wa ndege, na maneno matamu. Huyu ndiye anayekupigia siku ya bonasi.

Sasa fikiria. Ujuzi unaweza kununuliwa; daktari na wakili wote wanalipwa kwa ujuzi wao. Lakini kazi hainunuliwi, na viza haiuzwi. Anayetoa viza ni serikali ya nchi unayokwenda. Mtu akikuambia "viza ni uhakika asilimia mia", ama anakudanganya, ama anataka kukupitisha na karatasi bandia, na atakayepigwa marufuku kuingia nchi hiyo ni wewe, si yeye.

Mifano tunayo. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa wafanyakazi kule Berlin. Papo hapo habari zikaenea kwamba Ujerumani inachukua Wakenya 250,000. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mkataba huo hautaji idadi yoyote. Ukisikia mtu anakuuzia "nafasi" akitaja namba hiyo, ondoka. Ujerumani inataka vyeti inavyovitambua na, kwa kazi nyingi, lugha yao. Hakuna ajenti atakayejifunza Kijerumani kwa niaba yako. Hiyo laki mbili ingelipa masomo ya lugha, na lugha hakuna anayeweza kutoroka nayo.

Uingereza nayo, tangu tarehe 22 Julai 2025, imefunga viza ya kazi ya kutunza wazee kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo. Anayekuuzia "viza ya care" leo ukiwa Kisii anauza mlango uliofungwa. Na kwa kazi zilizobaki, ile barua ya udhamini hutolewa na mwajiri mwenye leseni, tena orodha ya waajiri hao inachapishwa na serikali yao. Unaisoma mwenyewe kwa simu yako.

Wala usidanganywe na mhuri. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret. Walikuwa wamelipa malaki ya pesa kwa mpango uliopitia serikali ya kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada. Wengi hawakusafiri, na wengine waliosafiri walikwama kwa sababu karo haikufika. Mambo yakaishia mahakamani. Kama mpango wenye jina la kaunti uliwaacha watu wakilia, kadi ya biashara ya mtu uliyekutana naye kwenye matatu ina uzito gani?

Kuna hatari kubwa kuliko kupoteza pesa. Vijana wa Kenya wamewahi kupelekwa Thailand wakiahidiwa kazi za ofisini, wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu kwenye mtandao. Septemba 2025 polisi waliokoa zaidi ya watu 20 Athi River waliokuwa wakiandaliwa kusafirishwa Urusi. Walioahidiwa kazi huko, wengine walijikuta vitani.

Sasa tuongee sisi kwa sisi, kama Waislamu.

Kuna dalali ambaye hatakutafuta stendi. Atakungoja nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Atakuapia wallahi. Atakuambia Saudia ni nchi ya Makkah, utafanya kazi na Umra utafanya, utakuwa nyumbani kwa Waislamu wenzako. Ukiomba risiti, atakasirika kidogo: "Sisi ni ndugu, makaratasi ya nini?"

Ndugu, hapo ndipo ushtuke. Sura ya al-Baqara, aya ya 282, inawaelekeza waumini waandike deni na waweke mashahidi. Aya hiyo inazungumza na waumini wenyewe, kuhusu mambo yao wao kwa wao. Kwa hivyo kuomba maandishi si kumshuku ndugu yako. Anayetumia dini ili usiandike ndiye anayeidhalilisha dini.

Na kuhusu usalama: hijabu na Kiarabu kidogo cha madrasa havimlindi dada yetu na mfumo wa kafala. Chini ya mfumo huo mwajiri ndiye mdhamini wako, na kumwacha bila ruhusa yake kunaweza kukufanya uonekane mkosaji. Saudia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wengi mwezi Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa kwenye mageuzi hayo. Kinachomlinda zaidi ni mkataba unaoeleweka, mwajiri anayejulikana jina, na familia iliyobaki na nakala.

Mkataba huo una sheria yake hapa nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007, kuanzia kifungu cha 83, inasema mkataba wa kazi ya nje lazima uthibitishwe na afisa wa kazi, ambaye anapaswa kuhakikisha umekubali kwa hiari yako na hukudanganywa. Kumshawishi mtu aondoke Kenya kwenda kazini bila mkataba kama huo ni kosa. Kwa hivyo ajenti akikuambia "mkataba utasaini ukifika", anakuambia mbele ya uso wako kwamba anavunja sheria. Mwambie twende pamoja ofisi ya kazi. Utaona mwenyewe kama atakuja.

Je, kuna wakati wa kumlipa mshauri? Ndiyo. Kama umewahi kunyimwa viza na hujaelewa sababu. Kama una kesi polisi. Kama unataka kumfuata mume au mke na ndoa yenu ni ya kadhi na makaratasi yana utata. Hapo ujuzi una thamani, na mshauri mwenye leseni anaweza kukuokolea miaka.

Lakini kwa wengi wetu shida ni ndogo kuliko hiyo. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad, cha shule Mohammed. Hiyo haihitaji mshauri wa Canada. Inahitaji wakili wa hapa Kisii akuandikie hati ya kiapo, au akusaidie kubadilisha jina rasmi. Hata yeye mkague: Chama cha Wanasheria cha Kenya kina sehemu kwenye tovuti yake ya kuangalia kama wakili ana leseni ya mwaka huu. Pasipoti unaomba mwenyewe kupitia eCitizen. Cheti cha tabia njema vilevile. Ukikwama, Huduma Centre ipo Kisii na ipo Nyamira.

Na ile bahati nasibu ya green card ya Marekani? Ni kura. Hakuna anayeweza kukuongezea bahati. Ukimpa mtu wa saiba akujazie, hakikisha namba ya uthibitisho unaondoka nayo wewe. Kuna wanaoificha, ukishinda wanakuuzia ushindi wako mwenyewe.

Basi kabla hujatuma pesa, fanya haya. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya NEA, si kwenye picha ya cheti aliyokutumia WhatsApp. Omba jina la mwajiri na umtafute mwenyewe. Lipa kwa akaunti ya kampuni, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi. Usimwachie mtu pasipoti yako. Na usiuze shamba. Mkopo unaweza kulipwa polepole. Shamba la mzee likishauzwa, ndugu zako wadogo nao wameshalipia safari yako.

Na wewe ambaye tayari umeliwa? Usifute zile meseji kwa hasira. Meseji za M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp ni ushahidi. Kujipatia pesa kwa uongo ni jinai. Piga ripoti polisi, uchukue namba ya OB, uwajulishe NEA pia. Najua unaona haya. Kijiji kizima kilijua unasafiri, pengine hata dua ilisomwa. Lakini aibu si yako. Dalali anaishi kwa kunyamaza kwako: ukikaa kimya, Ijumaa ijayo atakuwa amesimama na kijana mwingine palepale nje ya msikiti.

Mpelekee haya yule unayejua anangoja viza sasa hivi. Mwulize lile swali moja: unanunua nini hasa?

Wabillahi tawfiq.