Kabla hujafomati memori ya mteja, muulize ndani kuna nini

Leo naongea na wale wa memori kadi, flashi na vifaa vya simu, hasa mnaouza kwa stetasi za WhatsApp kama mimi. Niko Chinongwe, Ruangwa. Shule niliishia kidato cha nne, haya mengine nimejifunza kwa kuharibu.

Na kweli niliharibu. Msimu mmoja wa korosho, hela imetoka, kila mtu anataka nyimbo za kuweka kwenye redio. Mzee mmoja akaniletea memori, akasema, "Mjukuu wangu, nijazie humu nyimbo za kuchangamsha." Kuangalia, memori imejaa. Nikafomati, nikajaza singeli na taarabu, nikachukua elfu mbili yangu.

Kesho yake akarudi. Hakufoka. Akaniuliza tu, "Mjukuu, bibi yako alikuwa anaimba humu. Mbona simsikii?"

Kumbe ndani kulikuwa na sauti ya marehemu mkewe akiimba Kimwera kwenye harusi, imerekodiwa na simu ya batani. Faili moja, haina nakala. Nilijaribu programu za kurudisha vilivyofutwa, lakini nilishajaza nyimbo zangu juu yake. Haikurudi. Nikamrudishia elfu mbili yake, akakataa kuipokea.

Toka siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: nyimbo ambazo mteja anaweza kuzipata popote zisikupe kiburi. Ile aliyorekodi mwenyewe, kwaya yake, ngoma ya kwao, sauti ya mama yake, hiyo haipo pengine. Kumtunzia hiyo ndo kazi ya kulipwa.

Sasa wateja wenye simu janja wanauliza, "Naweza kuweka nyimbo zangu kwenye programu ya muziki?" Wengi wetu tunajibu ndiyo, halafu tunawapoteza. Kuna mambo matatu tofauti hapa.

1. Kucheza tu. Spotify unaweza kuiruhusu kwenye mipangilio icheze mafaili yaliyoko kwenye simu. Boomplay nayo inacheza nyimbo za kwenye simu. Ila faili linabaki kwenye simu ileile. Simu ikiibiwa, wimbo umeenda nayo.

2. Kuhifadhi. YouTube Music inapokea mafaili yako na kuyaweka kwenye akaunti yako, mpaka nyimbo 100,000. Anayezisikia ni mwenye akaunti peke yake. Hata asiyelipia anaweza kuzisikiliza bila matangazo, na kuzipakua asikilize bila bando.

3. Kutangaza. Audiomack msanii anafungua akaunti na kupandisha kazi yake bure, dunia nzima inasikia. Ukitaka kazi yako iwepo Spotify kwa watu wote, unapitia kwa msambazaji wa muziki.

Ukichanganya namba 2 na 3 utaharibu kuliko mimi. Huku kwetu kuna nyimbo za jando na unyago ambazo hazisikilizwi na kila mtu. Mama akikuletea rekodi ya namna hiyo ukaiweka hadharani, umemwaibisha yeye na waliomfunda. Uliza kwanza: hii ni ya kwako, au ya kila mtu?

Kazi yenyewe naifanya hivi. Kwanza nakopi kila kitu kwenye kompyuta kabla sijagusa memori. Pili, faili nalipa jina linaloeleweka, nani anaimba, wapi, mwaka gani, maana ukiacha AUD na tarakimu zake hakuna atakayelipata. Sauti za WhatsApp na za simu za batani nazigeuza kuwa MP3 kwanza. Tatu, nafungua music.youtube.com kwenye kompyuta, maana programu ya kwenye simu haina sehemu ya kupandishia. Nabonyeza picha ya akaunti ya mteja, nachagua kupandisha muziki. Nikimaliza natoka kwenye akaunti yake mbele ya macho yake.

Akaunti lazima iwe yake. Wengi Gmail zao zilifunguliwa na waliowauzia simu, nywila hawaijui. Msaidie aibadilishe, aiandike kwenye daftari lake. Wewe usibaki nayo.

Bei usikisie. Wimbo wa dakika tatu wa ubora wa kawaida ni kama MB 3, kwa hiyo nyimbo 100 ni kama MB 300. Piga hesabu ya bando, ongeza muda wako, mwambie mteja kabla hujaanza. Mimi hela ninayopata kwa kazi moja ya hivi inazidi ya kujaza memori tano.

Na usimwambie kuwa akishaweka mtandaoni basi imeisha. Google Play Music nayo ilikuwa inatunza nyimbo za watu. Mwishoni mwa 2020 ikafungwa, watu wakapewa muda wa kuhamia YouTube Music, na ambaye hakuhamisha vitu vyake vikafutwa. Kwa hiyo nakala ya pili ibaki kwenye flashi nyumbani. Hapo unauza na flashi.

Kuna atakayeniambia, "Mbona mimi nauza mafolda ya Bongo Fleva WhatsApp na hela inaingia?" Najua, nimefanya miaka. Lakini nyimbo zile zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, COSOTA wapo. Na hata bila sheria, folda lako yule jirani analikopi leo, kesho anauza kwa nusu ya bei yako. Kazi ya kumtunzia mtu sauti ya mama yake haikopiwi hivyo, maana mteja anakuja kwa sababu anakuamini.

Yule mzee bado ananunua vocha kwangu. Tunasalimiana vizuri tu, ila memori hajawahi kuniletea tena.

Wewe huko kwako umeshafuta kitu cha mteja? Ulifanyaje? Andika hapa chini, tujifunze.