Daktari alisema atembee, hakusema abebe maji

Vijana wenzetu, nyinyi wa kambi za hapa Kigoma na nyinyi mlio Nakivale, Kakuma na kwingine.

Wiki iliyopita dada mmoja wa kijiji chetu amerudishwa hospitali. Kidonda cha opereshoni kimefunguka upande mmoja, kinatoa usaha, na mwili una homa. Alikuwa na siku 11 tu tangu ajifungue. Siku ya 9 tulimwona bombani na dumu la lita 20, bidoni kama wazee wetu wanavyosema. Mtoto alimwacha ndani na binti yake wa miaka 5.

Tulimwona, ndo maana tunaandika. Tulikuwa sita pale kwenye kivuli, simu zinachaji kwenye sola, tunabishana habari za mpira. Mmoja wetu hata alimsalimia, "Mama, pole na kazi." Akaitika "Asante," akajitwisha, akaondoka anainama upande mmoja. Hakuna aliyesimama.

Hatusemi ni lile dumu peke yake lililofungua kidonda. Sisi si madaktari. Ila lita 20 za maji ni kilo 20, na mama aliyepasuliwa huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtoto mchanga ana kilo 3 hivi. Wanaojua hesabu wapige.

Tulipoanza kuliongelea hili kijijini, majibu tuliyopata ndiyo yametukera mpaka tukakaa kuandika.

La kwanza: "Mbona daktari mwenyewe alisema atembee?" Ndiyo, alisema. Anatembea ili damu isigande miguuni na tumbo lianze kufanya kazi. Anatoka ndani, anafika mlangoni, anazunguka nyumba, anarudi kukaa. Hiyo ndiyo dawa. Sasa nyinyi mmechukua neno "atembee" mkaongeza wenyewe "aende bombani, apange foleni saa mbili, abebe, na akirudi apasue kuni." Nani aliwaandikia hiyo dawa?

La pili: "Kidonda kimekauka, nyuzi zimetoka, amepona." Jamani, unachokiona ni ngozi tu. Kisu kilipita kwenye ngozi, kikapita mafuta, kikapita ule utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, kikafika mpaka mfuko wa uzazi. Vyote vimeshonwa, na vya ndani huvioni. Nje panaweza kukauka kwa wiki moja na ndani bado ni pabichi. Ndiyo maana wanahesabu wiki 6, na kwa wengine ni zaidi.

La tatu hili lilisemwa na mwanamke, tena mtu mzima: "Huyo hakuzaa, alipasuliwa tu. Wavivu wa kusukuma." Hapa tulinyamaza kwa heshima, lakini tunajibu sasa. Mtoto akilala kikingamo tumboni, utasukuma nini? Kondo likitangulia mbele ya mtoto, ukisukuma unakufa kwa damu. Yule dada alishinda na uchungu usiku kucha na mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Alikubali apasuliwe ili mtoto aishi. Kama huo ni uvivu, basi hatujui bidii ni nini.

Na la nne ndilo kubwa: "Mama zetu kule nyumbani walizaa leo, kesho wako shambani." Si kweli, au tuseme ni nusu ya ukweli. Waulizeni wamama waliotoka Fizi, Uvira, Baraka. Mzazi alikuwa na mama mkwe, alikuwa na shangazi, wadogo zake, wake wa shemeji zake. Mmoja anachota maji, mmoja anaosha nguo za mtoto, mwingine anapika uji. Yeye ananyonyesha na kulala. Hata yule aliyerudi shambani mapema hakurudi na tumbo lililoshonwa.

Hapa mikono hiyo iko wapi? Mama yake alibaki Kongo. Dada yake yuko Uganda. Shangazi alipata safari ya Marekani, anatuma sauti kwenye simu. Mume ametoka kutafuta kibarua, au hajulikani aliko toka siku ya kukimbia. Vita vilichukua nyumba, hilo tunalisema kila siku. Mbona hatusemi vilichukua pia watu wa kumshika mzazi? Sisi tuliobaki tukiwa na mikono mizima ndo tunakaa kivulini.

Halafu tazameni nyumba zenyewe. Analala kwenye mkeka, chini. Kuinuka kutoka chini na kidonda cha tumbo ni mateso, mpaka ageuke kwanza ubavu, ajisukume kwa mkono. Choo ni cha shimo, anachuchumaa. Jiko ni mafiga matatu na kuni mbichi, moshi unamkohoza, na kila kikohozi anahisi kama nyuzi zinakatika. Wengine hawajui hata kwamba ukikunja kitenge ukakishikilia juu ya kidonda wakati wa kukohoa, maumivu yanapungua. Fundi seremala wa zoni yetu ametengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo kwa ajili ya mzee wake. Mbao tatu na misumari. Kwa nini kila kijiji kisiwe na kimoja cha kuazimana?

Wamama wazee mtusamehe, lakini na nyinyi tuna neno na nyinyi. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto, huyu mwenye kidonda kibichi, hapana. Majivu, hapana. Majani ya kusaga, hapana. Maji safi na sabuni, pakaushwe kwa kitambaa safi, basi. Na akiwa na homa, au kidonda kinanuka, au damu inazidi badala ya kupungua, au mguu mmoja unavimba na kuuma, au kichwa kinamgonga na macho yanaona giza, msimwambie "vumilia." Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua. Yule dada alivumilia siku mbili kwa sababu aliogopa kusemwa.

Kwa viongozi wa vijiji tuna ombi moja, na tutalirudia mpaka mchoke. Siku ya mgao, mama aliyepasuliwa asisimame kwenye foleni. Jina la mtu wa kumchukulia liandikwe mapema, mimba ikiwa bado, kwa sababu opereshoni haitoi taarifa. Na huyo mtu abebe mpaka ndani ya nyumba, asiuache unga barabarani akidai ujira wa kikombe kimoja. Tunawajua mnaofanya hivyo, wengine ni marafiki zetu.

Kuna kaka alituambia, kijana wa kiume kubeba maji ya mke wa mtu italeta maneno. Ilete. Tutakwenda wawiliwawili, wa kiume na wa kike, tunaweka dumu mlangoni tunaondoka. Mume akiwepo, tunamkabidhi yeye dumu tupu, twende naye bombani.

Kijijini kwetu sasa hivi kuna nyumba 3 zenye wazazi wa opereshoni. Zamu ya jioni imejaa. Ya asubuhi, maji yanapofunguliwa, tuko wanne tu na tunahitaji wengine wanne. Aliye karibu aandike hapa chini jina lake na zoni yake. Walio kambi nyingine, andikeni kwenu mna nyumba ngapi.