Ajali Haitajwi Tu, Huthibitishwa

Machi 30, 2020, polisi wakitekeleza kafyu mtaani Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliyesimama kwenye roshani ya kwao alipigwa risasi tumboni, akafa. Polisi walisema risasi ilipotea njia. Afisa aliyeshtakiwa kwa mauaji alikana. Mshtakiwa hana hatia hadi ithibitike, na tunaliheshimu hilo. Lakini kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakitazami nia ya kuua pekee: kujua kwamba kitendo yaelekea kitaua, kisha kutojali, kunatosha. Bunduki haijikoki. Wapo watakaosema kazi ya polisi ni ya hatari. Ndiyo maana hufunzwa silaha. Kila jaji anayeletewa utetezi wa ajali aulize: nani alikuwa hatarini hata risasi ifyatuliwe?