Usiondoke Dirishani Kabla Hujaelewa

Mwezi huu tuzungumze juu ya vipimo vya dawa na yale maandishi mafupi yanayoandikwa juu ya bahasha za dawa.

Nenda sokoni Mlandizi, au kwenye gulio lolote kule Kisarawe, umwone mama anavyonunua. Maharage yakipimwa kwa kopo, atalichungulia kopo lisiwe limebonyezwa kitako. Mchele ukipimwa kwa kisado, atataka kijae mpaka kimwagike. Wazee wetu wa Pwani walipima kwa kibaba na pishi, na kila mtoto alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Kwa vipimo vya chakula hatudanganyiki. Lakini mama huyo huyo akifika kwenye dirisha la dawa, hupokea bahasha, husema asante, akaondoka. Maandishi ya juu ya bahasha hakuyaelewa, na kuuliza ameona haya.

Jumapili moja baada ya ibada, sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa tulifika kwa bibi mmoja katika kijiji cha Kisarawe. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa na nimonia, na siku nne kabla yake alikuwa amepewa vidonge vya amoksilini vya miligramu 250, vile vinavyoyeyuka kwenye maji. Tulimkuta mtoto anapumua kwa haraka, mbavu zikiingia ndani. Tukaomba kuona dawa. Bibi alitoa bahasha aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Juu yake paliandikwa "2 x 2 x 5", basi. Tukahesabu vidonge: vilibaki 16 kati ya 20.

"Nilimpa viwili viwili kwa siku mbili, kama walivyoandika," bibi alisema. "Hiyo tano sikuijua. Nikaona homa imeshuka, nikavitunza vingine. Dawa siku hizi ghali, mwanangu."

Tulimrudisha mtoto hospitali siku ile ile, na tunamshukuru Mungu alipona. Lakini njiani tulikuwa kimya. Bibi hakukosea hesabu. Alisoma alichoandikiwa. Sisi watu wa afya ndio tuliomwandikia lugha yetu badala ya lugha yake.

Basi tuifafanue. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. Ya tatu ni siku ngapi. Kwa hiyo 2 x 2 x 5 ni vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, kwa siku tano. Mkizidisha mtapata 20, na hiyo ndiyo idadi ya vidonge inayotakiwa kuwa ndani ya bahasha. Hesabuni pale pale dirishani. Na dozi imalizwe hata kama homa imeshuka, maana kushuka kwa homa si kuisha kwa wadudu.

Kuna mtego mwingine, nao unatokana na saa zetu za Kiswahili. Mama akiambiwa "dozi ya pili mpe baada ya saa nane", yeye husikia saa nane mchana. Tuchukue dawa mseto ya malaria, ALu. Dozi ya pili hutolewa zikishapita saa nane tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla dozi sita. Mtoto akimeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Mama akimpa saa 8 mchana, zimepita saa nne tu. Kwa hiyo mwombeni mtoa dawa awatajie saa yenyewe, "saa 12 jioni", nanyi muiandike au mumwambie mtoto anayejua kusoma aiandike.

Sasa vipimo. Gramu moja (g) ina miligramu 1000 (mg), na miligramu moja ina mikrogramu 1000 (mcg). Lita moja ina mililita 1000 (ml). Wengi husema "panadol ya gramu mia tano". Gramu 500 ni nusu kilo ya sukari! Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500, yaani nusu gramu tu. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anaweza kukuta chuma kimeandikwa kwa mg na foliki asidi kwa mcg. Mikrogramu 400 ni miligramu 0.4, kitu kidogo sana. Matone ya vitamini A hupimwa kwa IU, yaani yuniti za kimataifa. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano hupewa 200,000, kila baada ya miezi sita.

Kwa dawa ya maji, tazameni chupa. Ikiandikwa "120 mg/5 ml", maana yake kila mililita 5 zimebeba miligramu 120. Chupa nyingine ya dawa hiyo hiyo yaweza kuandikwa 250 mg/5 ml, nayo ina nguvu zaidi ya mara mbili. Kijiko cha chupa ya zamani kisiwe mwongozo wa chupa mpya. Wala msipimie kijiko cha nyumbani, maana vijiko havilingani. Tumieni kikombe kidogo au bomba lisilo na sindano linalokuja na dawa.

Haya ni maandishi mafupi mtakayoyakuta kwenye vyeti. Mengi yametoka Kilatini:

OD: mara moja kwa siku.
BD au BID: mara mbili kwa siku.
TDS au TID: mara tatu kwa siku.
QID: mara nne kwa siku.
STAT: mara moja, sasa hivi.
PRN: inapohitajika tu, kama vile dawa ya maumivu.
AC: kabla ya kula. PC: baada ya kula.
Nocte: usiku.
PO: kwa kumeza. IM: sindano ya msuli. IV: sindano ya mshipa.

Hamna haja ya kuyakariri. Mnachohitaji ni maswali manne: Dawa hii ni ya nini? Kiasi gani kwa mara moja? Saa ngapi? Kwa siku ngapi? Kisha rudieni kwa maneno yenu: "Kwa hiyo nitampa viwili asubuhi na viwili jioni mpaka Alhamisi, sivyo?" Mtoa dawa akikunja uso, vumilieni, rudieni tena. Foleni itangoja.

Nasi wenzetu wa zahanati, vituo vya afya na maduka ya dawa muhimu, kuanzia Kibaha hadi Maneromango, tujirekebishe. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa yanayoweza kuzuilika. Kwetu kampeni hiyo ianzie kwenye bahasha. Tuandike "asubuhi 2, jioni 2, siku 5". Tuandike 0.5, si .5, maana nukta ikifutika nusu inakuwa tano. Mikrogramu tuiandike kwa kirefu.

Kitabu cha Mithali, sura ya 11 na ya 20, kinatuonyesha jinsi Mungu anavyochukizwa na vipimo visivyo vya haki. Tumezoea kuwahubiria wafanyabiashara maneno hayo. Kipimo asichokielewa aliyepewa nacho hakijamtendea haki.

Bibi yule sasa anahifadhi bahasha zake kwenye kopo, na kila moja amechorewa jua linalochomoza na jua linalozama.