Usiuze Laptopu Yako kwa Sababu ya Windows 11

Tangu Oktoba 2025 inboksi yangu imegeuka kliniki ya laptopu. Swali ni lile lile, linabadilisha tu nguo: "Bro, nimeambiwa Windows 10 imekufa. Niuze hii mashine nitafute ya Windows 11?" Jibu langu ni zii, usiuze. Na leo nalieleza lote mara moja, ndio next time nikutumie tu hii.

Tuanze na kilichotokea kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za usalama za bure kwa Windows 10. Ni hayo tu. Hakuna laptopu ilizimika usiku huo. Mtu akikwambia yako "itajifunga" siku yoyote, angalia kama nyuma yake kuna rafu ya laptopu za kuuza. Shida iliyopo ni ya polepole: mashimo mapya yakigunduliwa kwenye Windows 10, hayazibwi tena, na wezi wa mtandaoni wanajua hivyo. Hata hapo Microsoft waliacha mlango wazi kidogo. Kuna mpango wa apdeti za ziada kwa watu wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Unaweza kuulipia dola 30, ama ukaupata bure ukikubali kuingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi settingi zako kwao. Wauzaji wengi hawakutajii hiyo, na wewe jiulize ni kwa nini.

Sasa, kwa nini usiende tu Windows 11? Kwa sababu Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inabagua. Inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, na ukiwa na Intel, inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa fikiria laptopu tunazotumia huku Malinya, Shinyalu, Kakamega mjini, hata Nairobi. Wengi wetu tuko na ex-UK. HP EliteBook 840 G3 iko na Intel ya kizazi cha 6. ThinkPad T470 ni cha 7. Mashine za ofisi, mwili mgumu, kibodi tamu, zilifanya kazi kwa mzungu miaka mitatu minne kisha zikapandishwa kontena zikaja kwetu. Haziumwi na kitu. Zimekosa tu kuwa kwenye orodha ya mtu.

Na hapa ndio naona kuna dharau. Kampuni ya Ulaya ikibadilisha mashine zake mia mbili, hiyo ni karatasi moja ya mhasibu. Hapa kwetu laptopu moja iko na mtoto wa Form 4 wa kuandika project ya Computer Studies, dada anayetafuta kazi, na mzee anayetaka kuona mambo ya shamba kwa eCitizen. Ni ya boma lote. Ukiiuza kwa hofu, utapewa bei ya hofu. Halafu uongeze pesa za mama za chama ununue T480, ambayo ukiiwasha inafungua Chrome na Word. Vitu vile vile ulikuwa unafanya jana.

Najua wengine mtaniambia, "Si fundi anaweza kulazimisha Windows 11 iingie?" Ndio, anaweza. Kuna programu kama Rufus inaruka hiyo ukaguzi wote. Lakini Microsoft wameshasema mashine za hivyo hazina haki ya kuahidiwa apdeti. Yaani umekimbia Windows 10 kwa sababu ya apdeti, ukaenda mahali ambapo apdeti ni bahati nasibu.

Hebu sasa tuongee ile kitu hatupendi kuongea: Windows ya bure. Ripoti ya BSA ya mwaka 2018, hao ni muungano wa kampuni za programu, ilikadiria kwamba karibu robo tatu ya programu kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Sishangai. Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft ni dola 139, zaidi ya shilingi elfu 17. Hiyo ni bei ya laptopu yenyewe kwa watu wengi. Kwa hivyo unaenda kwa fundi, anakupigia Windows, unalipa kitu kidogo, anaweka na Office juu kama nyongeza ya mama mboga. Mimi sitakuja hapa kukuhubiria kuhusu sheria. Shida yangu ni kile kitu fundi anatumia kuiamsha.

Zile programu za kuamsha Windows, maarufu kabisa ikiwa KMSPico, zinakuambia uzime antivairasi kwanza. Fikiria hiyo sentensi. Mtu anabisha mlangoni usiku, anakuambia ufunge mbwa kwanza ndio aingie akusaidie. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Marekani, Red Canary, ilieleza jinsi nakala za KMSPico zilikuwa zinakuja zimebeba Cryptbot, programu ya kuiba vitu vilivyohifadhiwa kwenye brauza na pochi za sarafu za kidijitali. Miezi miwili kabla ya hapo, Google walikuwa wametoa taarifa kuhusu wezi waliokuwa wanawinda watu wa YouTube kwa kuwaibia kuki za brauza. Kuki ni kile kitambulisho brauza yako inabeba kuonyesha kwamba ulishaingia. Mwizi akiwa nacho haitaji paswadi yako, na ile kodi inatumwa kwa simu haiulizwi. Anaingia tu kama wewe. Wasee wa content, mmenisikia? Chaneli ya miaka mitatu inaweza kwenda kwa sababu ya Office ya mia tatu.

Jaribu hii leo kama uko na Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Ikikuambia imewashwa daima, poa. Ikikupa tarehe, hiyo inamaanisha Windows yako imewashwa kwa njia ya KMS, ambayo Microsoft ilitengenezea mashirika makubwa na inadumu siku 180 kabla ya kuhitaji kuamshwa tena. Kama wewe si mwajiriwa wa shirika kubwa, basi unajua kilifanyika. Na kitu cha kuchekesha ni kwamba ex-UK nyingi zina leseni halali ya Windows ndani ya ubao wenyewe wa mashine, tangu kiwandani. Ukiweka Windows safi ya toleo linalolingana na hiyo leseni, inajiamsha yenyewe. Kuna watu wamewekewa wizi juu ya kitu walikuwa nacho kihalali.

Sasa njia yangu. Kwa hizo G3 na T470, mimi naweka Linux Mint. Kama hujui, huo ni mfumo endeshi, yaani unakaa mahali pa Windows. Ni bure, na hakuna mtu amevunja kufuli ndio uwe bure; walioutengeneza wametaka uwe hivyo. Toleo la 22 lilitoka 2024 na litapata apdeti hadi 2029. Ukiuona, menyu iko chini kushoto, faili ziko mahali unadhani ziko, na inataka RAM ya GB 4 tu ndio ikae vizuri. Mama mmoja hapa sokoni ana kibanda cha M-Pesa na kuprinti. Nilimwekea Mint, akakaa nayo wiki mbili, nikapita kumsalimia nikamuuliza, "Mama, inaendeleaje?" Akaniambia, "Kijana wangu, hii Windows mpya ulinipea haisumbui." Sikumsahihisha.

Kile alikuwa anafurahia zaidi ni bando. Windows ina tabia ya kushusha apdeti kubwa wakati wewe umewasha hotspot ya simu utume barua pepe moja. (Ukibaki Windows, ingia kwa settingi za hiyo wifi uiwekee alama ya metered, itapunguza ulafi.) Mint inakuambia apdeti zipo na inakungoja. Ukitaka utazishusha Jumapili kwa wifi ya mtu.

Kazi za kawaida zinaenda. eCitizen, iTax ya kufanya nil returns, HELB, KUCCPS, YouTube, WhatsApp Web, zote ziko ndani ya brauza, na Firefox haijali iko juu ya mfumo gani. Kwa kuandika kuna LibreOffice, na inafungua faili za Word. Hapo kuna kamwiba kadogo: ukiandika CV ndani ya LibreOffice kisha uifungue kwa Word ya saiba, mistari inaweza kusogea. Dawa yake ni kutuma PDF, na kusema kweli CV ilifaa kutumwa hivyo tangu zamani. Nilisoma chuo kabla nitoke, na somo la kompyuta la mwaka wa kwanza lilikuwa Word, Excel, PowerPoint, mwisho. Hakuna aliyetuambia kuna kitu kingine duniani. Unatoka hapo ukiamini kompyuta na Microsoft ni neno moja.

Na hii kitu si ya wageni vile watu wanadhani. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, ambayo ndiyo Mint imejengwa juu yake. Jina lenyewe ni la kwetu. Kwa miaka, hadi 2011, walikuwa wanakutumia CD bure kwa posta popote ulipo. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Waliweza kwa sababu kodi ilikuwa wazi. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Miaka zaidi ya 20 imepita na sisi wa TikTok bado tunauliza kama inawezekana.

Lakini mimi si muumini wa kanisa la Linux. Wale wasee wa "tupa Windows yote" wananichosha kama wauzaji tu. Kama unasoma usanifu na mwalimu anataka AutoCAD, kaa Windows. Kama kazi yako ni Premiere ama Photoshop na unalipia, kaa Windows. Valorant na Fortnite hazichezeki kwa Linux, kwa hivyo kama hiyo ndio furaha yako, usijitese. CapCut ya kompyuta pia haina toleo la Linux. Mimi naediti video zangu za mapigano ya mafahali hapa Malinya kwa Kdenlive. Ukiwasha zile nakala nyepesi zinaitwa proxy, hata mashine ya RAM GB 8 inapita. Inachukua muda kuizoea, na siku za kwanza utaitukana. DaVinci Resolve ya bure iko Linux, lakini toleo hilo halifungui H.264 huko, na hiyo ndiyo simu nyingi zinarekodi. Mtu anayekuambia "weka tu DaVinci" hajajaribu.

Kuhusu MacBook za mkono wa pili, kwa ufupi: MacBook Air ya 2015 unayoonyeshwa kwa Jiji iliishia macOS Monterey ya 2021. Apple nao wanabagua, wanavaa tu vizuri.

Kama una elfu chache mfukoni, usizipeleke kwa mfumo wowote. Toa ile hadi diski ya zamani uweke SSD, kisha ongeza RAM ifike GB 8. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili za RAM, na fundi wa kawaida anaifungua na bisibisi. Nimeona laptopu iliyokuwa inachukua dakika nne kuwaka ikiwaka kabla chai ipoe kidogo. Watu wengi wanaodhani wanahitaji Windows 11 walikuwa wanahitaji SSD.

Na kabla ufute chochote, jaribu kwanza. Tafuta flashi ya GB 8, shusha Mint kwa wifi ya mtu kwa sababu ni karibu GB 3, iandike kwenye flashi kwa Rufus ama Etcher. Washa laptopu kupitia flashi (kwa HP ni F9, kwa ThinkPad ni F12). Itafunguka yote bila kugusa diski yako. Unganisha wifi, cheza video, jaribu kamera, chomeka printa kama unayo. Vikifanya kazi, kopi kwanza picha na faili zako zote pembeni ndio uiweke kabisa. Vikikataa, zima, chomoa flashi, washa tena, na Windows yako itakuwa pale pale ulipoiacha.