Labani Yuko Mtandaoni



Jumapili baada ya ibada mama mmoja wa ushirika alinishika mkono pale mlangoni. Akaniambia, "Mchungaji, njoo nyumbani umkemee huyu pepo wa akili bandia. Amemla mwanangu usingizi, sasa amemla na pesa."

Nilikwenda. Nilimkuta kijana amekaa barazani, simu kifudifudi pajani, macho mekundu. Kwa miezi kadhaa amekuwa akifanya kazi usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi. Kazi yenyewe ni hii: analetewa picha za barabara za nchi asizozijua, naye anachora visanduku. Hili gari. Huyu mtu. Hii taa ya barabarani. Picha moja, nyingine, nyingine, mpaka adhana ya alfajiri ya majirani zetu. Siku moja akaamka, akaunti imefungwa. Mapato ya wiki tatu yamo ndani. Ujumbe wa mistari miwili kwa Kiingereza, basi. Hakuna namba ya kupiga wala ofisi ya kwenda. Hakuna hata mlinzi wa getini wa kumuuliza.

Mama alitaka nikemee. Mimi nilipiga magoti, lakini kwanza niliomba msamaha. Kwa maana mwaka huu huu, nikiwa madhabahuni, nilisema vijana wanaokesha na simu ni wavivu na shetani amewafunga. Yule kijana alikuwa ameketi safu ya tatu, na siku hiyo alikuwa ametoka kufanya kazi saa tisa. Nilimwambia mbele ya mamake kwamba nilimkosea. Leo nasema na mbele yenu.

Sasa watumishi wenzangu, nisikilizeni kwa heshima. Ukurasa baada ya ukurasa naona mahubiri kwamba akili bandia ndiye yule mnyama wa Ufunuo 13. Mnahubiri alama, mnahubiri chipu, watu wanaogopa, wanatuma sadaka. Mmoja wenu mahubiri yake ya Jumapili anaandikiwa na ChatGPT, halafu Jumatano anaikemea ChatGPT. Simtaji. Anajijua.

Mimi naamini kila neno la Ufunuo. Lakini nauliza: ukishakemea, yule kijana analipwa na nani?

Tuielewe kazi yenyewe kabla ya kuipaka mafuta. Mashine haizaliwi ikijua gari ni nini. Inaonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, na kila picha kuna mtu aliyekaa akaonyesha gari liko wapi. Ikitakiwa isitoe maneno machafu, lazima kwanza kuna mtu aliyesoma hayo machafu na kuyawekea alama. Hicho wanachokiita akili, sehemu kubwa ni macho na vidole vya watu, na wamo watoto wa Kenya.

Si maneno ya kijiweni. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI, yenye hiyo ChatGPT, ilitoa kazi kwa kampuni ya Sama hapa Nairobi. Vijana walipewa maandishi ya kusoma: watoto kunajisiwa, mateso, mauaji, watu kujiua. Wasome, waweke alama, ili mashine ijifunze kukataa. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilieleza kwamba walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na kwamba mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa kwenda kwa kampuni. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni kama shilingi 150 mpaka 225, kwa kusoma uchafu ambao mimi mchungaji wenu nisingeuweza kwa dakika kumi.

Na waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook katika kampuni hiyo hiyo? Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo Nairobi, alikwenda mahakamani mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafuata. Meta wakasema wao si kampuni ya Kenya, mahakama za hapa haziwahusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi inaweza kuendelea hapa hapa. Desemba mwaka huo ikatoka ripoti ya daktari wa Hospitali ya Kenyatta iliyowasilishwa kwenye kesi: zaidi ya 140 kati yao wana maradhi ya akili yanayompata mtu aliyetoka vitani. Usingizi umekimbia. Wengine ndoa zimevunjika.

Mama, ulisema mwanao ameliwa usingizi. Ulisema kweli. Tumekosea tu jina la mlaji.

Fungua Mwanzo 31. Yakobo amemtumikia Labani miaka 20. Mchana joto, usiku baridi, usingizi umemtoka machoni. Na mshahara wake, anasema, Labani ameubadilisha mara kumi. Vijana mnaofanya kazi za mtandaoni, semeni amina hapo. Si mnaijua hiyo? Unaanza kazi wanasema dola mbili, wiki ijayo kazi ile ile ni senti thelathini, na hakuna aliyekuuliza. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliondoka Kenya, na maelfu waliokuwa wakilitegemea wakakuta mlango umefungwa. Yakobo angalau alimjua Labani kwa sura. Alikuwa mjomba wake, alijua hema yake iko wapi.

Na Mungu alifanya nini? Hakuwakemea kondoo. Alimjia Labani usiku, akamkemea Labani.

Hapo ndipo ninapogombana na mafundisho mengi ninayoyasikia siku hizi. Tunakemea kondoo! Simu, mashine, programu. Mwenye kondoo tunamwacha alale, na wengine wetu tunamwombea azidishiwe.

Mvuvi wa Bodo hahitaji digrii kulielewa hili. Anajua chombo si chake, nyavu si zake, na samaki akishafika pwani anapimwa kwa mizani ya tajiri. Anajua pia mizani ile siku nyingine inasoma pungufu. Je, amewahi kusema bahari ni pepo? Anasema, "Tajiri, hebu rudia kupima." Basi nasi tuseme hivyo.

Najua jibu litakalokuja kwenye maoni hapa chini. "Mchungaji, heri hicho kidogo kuliko kukaa bure." Silidharau neno hili. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikufa 1988, wazee wetu wanakikumbuka kama mtu anavyomkumbuka marehemu. Machimbo ya Base Titanium yalimaliza kazi Desemba 2024. Hoteli za Diani zinaajiri kwa msimu. Serikali nayo tangu 2016 inawahimiza vijana waingie mtandaoni na mpango wake wa Ajira Digital. Kwa hiyo sitamwambia kijana aache. Nani atamlisha, mimi? Lakini "heri kidogo" ni neno la kusemwa na mwenye njaa. Likisemwa na mwenye mali kwa niaba ya mwenye njaa, huo ni wizi umevaa koti. Torati haikusema mlipe mfanyakazi ukiona anafaa. Kumbukumbu 24 inasema alipwe siku ile ile, jua lisije likazama juu ya deni, kwa sababu yeye ni maskini na moyo wake uko pale. Yakobo 5:4 anaonya kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe una sauti, na imeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Na viongozi wetu tunaowaalika madhabahuni na kuwapa maikrofoni, hawa je? Mwaka 2024 Seneti ililetewa mswada wa marekebisho ya sheria za biashara, na ndani yake kipengele cha kumkinga mteja wa ng'ambo asishtakiwe na mfanyakazi aliyeajiriwa na kampuni ya hapa. Maana yake Labani akae mbali, aletewe manyoya, asiulizwe. Umesikia kanisa gani likiukemea mswada huo? Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mfungo wa siku 21 nikiomba gari.

Nimalizie na la macho. Agosti 2023 watu walipanga foleni pale KICC Nairobi wakapigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Watumishi wakapiga kelele: 666! Mimi nikiwaza ile foleni namwona Esau. Esau hakuwa na pepo, alikuwa na njaa, na ndugu yake alijua. Msimcheke aliyesimama pale. Muulizeni aliyepika dengu.

Jumanne hii saa kumi na moja jioni, kanisani, nawataka vijana wote mnaofanya kazi hizi, wa ushirika na wasio wa ushirika. Na jirani Mwislamu aje, akaunti zinafungwa bila kuuliza dini. Njoo na simu yenye chaji, stima haina uhakika. Tangu leo piga picha ya skrini kila unapomaliza kazi: tarehe, saa, kiasi walichoahidi. Andika pia kwenye daftari, maana akaunti ikifungwa ushahidi wote unafungiwa ndani. Usimlipe mtu yeyote pesa ya kukuandikisha. Usimkodishie mtu akaunti kwa kitambulisho chako. Ndugu yetu mmoja anayezijua sheria za kazi atakuwepo, na barua ya kwanza tutaiandika pamoja, ya yule kijana wa safu ya tatu. Ameshaniruhusu niseme.

Mama, wewe uje pia. Nitaomba kwa ajili ya usingizi wake. Hilo sijaliacha.