Vishikwambi Havikuletwa Kufungiwa Kabatini

Twaomba nafasi katika gazeti letu tuseme juu ya jambo linalotukera sisi walimu, wala hatutasema kwa kunong'ona, maana limekwisha kunong'onwa vya kutosha.

Baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali ilivichukua vile vishikwambi walivyovitumia makarani wa kuhesabu watu, ikawagawia walimu viwasaidie katika kazi ya kufundisha. Basi ulizeni leo, viko wapi? Vipo vilivyo kazini, tusiwadhulumu wenzetu. Lakini twajua shule moja, ambayo hatutaitaja, ambako kishikwambi kimefungiwa kabatini pamoja na mpira uliopasuka na kengele isiyo na ulimi, na ufunguo anao mtu mmoja. Sababu yake? "Kitavunjika." Twajua na nyumba za walimu ambako hakifungiwi, bali hutazamiwa mechi mpaka usiku wa manane. Hatujui lililo baya zaidi katika hayo mawili. Labda lile la kwanza, kwa kuwa mtazamaji wa mechi walau ajua kukiwasha.

Wala sisi hatujitoi. Muhula mzima tulikiogopa chetu, tukakifunga katika kanga kama kikombe cha harusi.

Na huku nje ya kabati kuna nini? Kuna mtoto wa darasa la nne, hapa hapa Rusimbi, aambiwaye asome sentensi moja ya Kiswahili, naye huzishika herufi moja moja kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe. Afikapo ng'ambo amesahau alikotoka. Huyu si mjinga. Mtume sokoni akauze dagaa, hutamwibia hata senti. Nyumbani husema Kiha au Kibembe, na darasani kitabu kimoja hushikwa na watoto watano, yeye akiwa upande wa kichwa-chini. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, ili asipatikane mtoto wa namna hii. Naye apatikana. Mwaka ujao sayansi itakuwa kitabuni, jiografia kitabuni, na mtihani pia ni maandishi. Atapitia mlango gani?

Wako wazee wetu wasemao, "Mashine zitaua mwandiko na imla, sisi tulijifunza kwa ubao na chaki." Twawaheshimu, lakini chaki nayo ni chombo kilicholetwa. Watu wa Ujiji walisoma chuoni kwa mbao ambazo maandishi yake hufutwa kwa maji. Ikaja mashine ya kupiga chapa, ambayo pasipo hiyo msingalishika gazeti hili mikononi mwenu. Tena mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapata milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio. Hakuna aliyesema redio itaua ulimi. Lakini angalieni: walikuwa na kijitabu mkononi na kiongozi katikati yao.

Neno hilo twawaambia hasa wale wa upande wa pili, wadhanio kwamba kifaa kitafundisha chenyewe, mwalimu akanywe chai. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mkoani Tanga, katika mashindano yaitwayo Global Learning XPRIZE, vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili waligawiwa watoto wapata 2,700 katika vijiji karibu 170, wengi wao hawajapata kuingia shule. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Si kazi ndogo, nasi twaisifu. Walakini ile nusu iliyobaki? Hiyo ndiyo imtakayo mwalimu.

Watu hutuuliza, "Kishikwambi kimoja na watoto tisini, mtafanyaje?" Twawaambia tufanyavyo. Huwaita wanne wanne, kila mmoja asome mistari mitatu, na kishikwambi kikaishika sauti yake; kisha hujisikiliza. Yule aliyesema "kula" mahali pa "kura" hujisikia mwenyewe, akacheka, akataka kurudia. Hatujapata kuona fimbo iliyomfanya mtoto aombe kusoma mara ya pili. Siku nyingine watoto hutunga sentensi zao, za ziwa, za mitumbwi, za bibi aliyemkimbiza mbuzi, nasi twaziandika katika kioo kwa herufi kubwa. Wao huzisoma, na kisha kila mmoja huzinakili daftarini kwa mkono wake. Mwandiko haukufa. Hata vitabu vya kiada vimo bure katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa yule atakayejisumbua kuvitafuta. Umeme ukikatika, twarudi kwenye chaki bila kinyongo.

Haya yote hayakutaka fundi wala semina. Yalitaka ufunguo tu.

Basi enyi wazazi, katika mkutano ujao wa shule, kabla hamjafika kwenye habari za michango ya uji, simameni mkaulize ufunguo wa kabati uko kwa nani. Mkijibiwa kwamba kifaa kimeharibika, ombeni mkione. Mkijibiwa kwamba kinafanya kazi, ombeni mtoto mmoja wa darasa la pili asimame asome. Baadhi yetu walimu tutakasirika. Ulizeni vivyo hivyo.